Pua chini, mkia juu: kisa cha Chevrolet iliyokataa kunyooka

Gari iliingia uani kwetu Kampemba, mjini Lubumbashi, Kongo, asubuhi moja ya Septemba, na kabla injini haijazimwa watoto wa mtaa walikuwa wameshajaa kwenye uzio. Ilikuwa pikapu ya Chevrolet, ile ya nusu tani iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1947, lakini si kwa sura iliyotoka nayo kiwandani. Paa limekatwa likashushwa. Pua imeinama karibu iguse vumbi, na mkia umeinuka juu ya matairi mapana, kama panzi anayejiandaa kuruka. Mzee mwenyewe alishuka taratibu, akafunga mlango kwa viganja viwili kama mtu anayefunga kabati la vyombo, akaniambia: "Fundi, motokari yangu haitaki kwenda sawasawa. Inatafutatafuta njia."

Naandika kisa hiki kwa ajili ya mafundi wenzangu wa usukani na magurudumu. Kilitukalia wiki tisa. Tulifungua vitu ambavyo havikuhitaji kufunguliwa, mzee akalipia kazi mbili ambazo hazikusaidia kitu, na jibu lenyewe alikuwa ameshatutamkia siku ya kwanza, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sisi tulicheka.

Mwenye gari

Mzee huyu alizaliwa Lubumbashi ikiwa bado Elisabethville. Baba yake alikuwa akifagia garaji moja mjini, na yeye mtoto alitumwa kumpelekea chakula cha mchana. Akifika harudi hadi jioni. Fedha ya shaba ilikuwa imeleta gari nyingi za Kimarekani mjini, Chevrolet, Ford, Studebaker, na anadai alizitambua kwa mlio wa mlango kabla hajajua kusoma. Ukubwani alijifunza kazi ya bati, akaifanya kwenye karakana za mgodi hadi 2003, mwaka ambao wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, waliondoka kwa mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Kuna waliotumia fedha ile kununua mashine ya kusaga mahindi, kuna waliomalizia nyumba. Yeye alinunua posti ya kuchomelea, chupa mbili za gesi, na ganda la Chevrolet lililokuwa nyuma ya shamba moja njia ya Likasi, kuku wakitagia ndani yake.

Mkewe hana maneno mengi. Siku moja alikuja kumletea dawa, akaitazama ile gari, akaniambia: "Huyu alioa wawili. Mimi ni mkubwa, lakini mvua ikinyesha anayefunikwa ni yule."

Ugonjwa wenyewe ulianza na picha. Akiwa kijana wa miaka kumi na sita hivi aliokota gazeti la Kimarekani lililotupwa, lisilo na jalada, na ndani yake kulikuwa na kile Wamarekani wanachokiita hotrodi: Ford kuukuu iliyovuliwa matope-gadi, paa fupi, injini wazi, magurudumu ya mbele madogo na ya nyuma makubwa. Hakujua Kiingereza. Aliikata ile picha akaibandika ndani ya sanduku la nguo, na ninavyoamini mimi, kila alichofanya kwa mikono yake tangu siku ile kilikuwa kinaielekea picha ile.

Kwa wasiozijua gari hizi, habari yake ni fupi. Vijana wa California miaka ya 1930 walinunua Ford Model T na Model A zilizochoka, kwa bei ya chini, wakang'oa kila kilichoongeza uzito, wakaenda kushindana mwendo kwenye ziwa kavu la Muroc, ambako ardhi ni tambarare kama meza. Mwaka 1932 Ford walitoa injini ya V8 ya lita 3.6 ndani ya gari ambayo mtu wa kawaida aliweza kuinunua, na hapo moto ukawaka. Baada ya vita askari walirudi nyumbani na ufundi waliojifunza jeshini, na mchezo ukaenea nchi nzima. Tairi kubwa nyuma halikuwa pambo tu. Kwa mzunguko uleule wa ekseli, tairi kubwa hukanyaga njia ndefu zaidi, kwa hiyo gari inapata mwendo wa juu bila kubadilisha meno ya difu. Mbele wakaweka tairi dogo, jepesi. Gari ikainama yenyewe, na mwinamo ule ukaja kupendwa hata na wasioshindana na mtu yeyote. Kwa watu hawa mkao wa gari ni kama mkao wa kofia kichwani: ukiugusa umemgusa mwenyewe.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyotugharimu wiki tisa.

Mikono ya mzee

Kabla ya kueleza ubovu, niseme nilichokiona katika kazi yake, maana bila hicho hamtaelewa kwa nini nilisita kumwuliza maswali.

Paa lilikuwa limeshushwa sentimita 8. Asiyejua bati hudhani ni kukata nguzo nne, kutoa vipande, kurudisha paa mahali pake. Jaribu uone. Nguzo za mbele za gari zimelala nyuma kidogo. Ukizifupisha, vichwa vyake vinabaki mbele ya pale paa lilipo, na paa linakuwa fupi kuliko chumba chake. Mzee alilikata paa vipande vinne kama mkate, akavitandaza hadi kila kona ikutane na nguzo yake, kisha akaziba msalaba uliobaki wazi kwa bati alilotoa kwenye boneti ya gari nyingine. Msumeno wa mkono. Gesi. Alichomelea sentimita mbili hapa, akaruka upande wa pili akachomelea sentimita mbili kule, kitambaa kibichi mkononi, kwa sababu bati jembamba likipata joto sehemu moja hujikunja na halirudi tena. Kisha nyundo, juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, miezi mingapi sijui. Nilipitisha kiganja changu juu ya ile mishono nikiwa nimefumba macho. Sikuipata. Nikamwuliza ameweka kiasi gani cha mastiki, ule ujiuji wa kusawazishia bati. Alinitazama kama niliyemwuliza bei ya bintiye.

Injini ya kwanza, ile ya silinda sita ya inchi za ujazo 216, ilikuwa imekufa zamani. Injini zile beringi zake za koneti, zile fimbo za pistoni, ni babiti, madini laini, iliyomiminwa humohumo ndani ya chuma, si vipande vya kubadilisha, na mafuta huchotwa kwa vijiko vidogo vilivyo chini ya koneti. Aliweka badala yake 2F ya Toyota, lita 4.2, silinda sita pia, kutoka Land Cruiser iliyopinduka. Baadhi ya vijana wangu waliona ni dhambi kuweka Toyota ndani ya Chevrolet. Mzee akawajibu kwamba injini ya kwanza kabisa ya Toyota, mwaka 1935, ilinakiliwa kutoka silinda sita ya Chevrolet, kwa hiyo mjukuu amerudi kwa babu. Ni kweli. Nilikagua baadaye.

Malalamiko

Alieleza hivi. Chini ya kilomita 40 kwa saa, hakuna neno. Kuanzia 60 gari inaanza kutangatanga, mara kushoto mara kulia, na inabidi kuikimbiza kwa usukani bila kupumzika. Ukitoka kwenye kona usukani haurudi, unabaki pale ulipoachwa, lazima uurudishe kwa mkono. Lori la shaba likikupita kwenye njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, upepo wake unaisogeza gari nusu mita. Hakuna mtikisiko wala kelele, na matairi hayaliki upande.

Kisha, akiwa kwenye ndoo yake, akaongeza: "Nikiipakiza makala inakuwa mupole. Inaenda sawa mushale." Makala kwetu ni mkaa wa kupikia.

Tukacheka, kama nilivyosema. Mmoja wa vijana akamwambia, "Papa, hata punda akibeba mzigo anakuwa mpole." Mzee naye akacheka. Maneno hayo sikuyaandika popote. Kwenye daftari langu la siku ile kuna: gari inatangatanga, usukani haurudi, angalia pivo (pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia).

Tulichofungua

Pivo tukaziangalia. Tuliinua ekseli, tukashika gurudumu juu na chini, tukalitikisa: kulikuwa na mchezo mdogo sana, wa kawaida kwa chuma cha umri ule. Lakini tayari nilikuwa nimeamua. Bushi mpya za gari hii hazipatikani Lubumbashi, kwa hiyo zikakerezwa kwa shaba nyeusi, zikaingizwa, zikapigwa grisi. Mzee akalipa, akaondoka, akarudi baada ya siku tatu. Inatafutatafuta njia.

Paralelizimu, yaani kama magurudumu ya mbele yanatazama njia moja. Kwa uzi uliovutwa kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, na kwa kipimo cha mti, magurudumu yalikuwa yamekazana mbele milimita 3. Sawa kabisa. Upepo wa matairi sawa, beringi za magurudumu sawa.

Hapo mawazo yangu yakahamia kwenye boksi la usukani, ambalo halikuwa la Chevrolet tena bali la Toyota, na ufito wa kuunganisha ulitengenezwa na mzee mwenyewe. Hili lilikuwa wazo zuri na silijutii. Kwenye gari yenye ekseli nzima, ufito huo usipofuata njia ileile ambayo springi inaipitisha ekseli ikipanda na kushuka, kila shimo la barabarani litazungusha magurudumu bila dereva kutaka. Namna ya kupima haihitaji mashine: vijana wawili wakapanda bampa la mbele wakarukaruka, mmoja akashika usukani usisogee, mimi nikalala chini na chaki, nikichora mstari sakafuni mbele ya tairi. Gari ilipanda na kushuka kama kitanda cha harusi. Tairi halikugeuka hata milimita moja ya kujali. Mzee alikuwa ameupanga ule ufito vizuri kuliko ambavyo ningeupanga mimi.

Hata hivyo tulilifungua boksi, tukapunguza mchezo wa meno, tukabadilisha sili. Malipo ya pili. Ilikuwa Oktoba, joto lile la kabla ya mvua ambalo hata spana huwezi kuishika. Mzee alirudi baada ya wiki. Safari hii hakusema kitu, alinipa funguo tu.

Nisimame kidogo hapa. Kila nilichofungua kilikuwa kipande. Pivo, bushi, boksi, sili. Nilikuwa natafuta kitu kilicholika, kwa kuwa gari tunazoletewa kila siku, zile zinazoingia kwa wingi kupitia Kasumbalesa zikiwa zimeshatumika miaka kumi na tano kwa wengine, ubovu wake ndio huo: kitu kimelika, kitoe, weka kingine. Gari ya mzee haikuwa na kilicholika. Kila kitu kilikuwa kizima mahali pake. Mahali penyewe ndipo palipokuwa na tatizo, na fundi aliyezoea kubadilisha vipande hana jicho la kuona hivyo.

Kuna na sababu ya pili, ya kibinadamu. Nilishaona kwamba gari imeinama mno. Nani asingeona? Lakini mtu ameuota mkao ule miaka hamsini, amekutangulia kwa umri na kwa ufundi, anakuita "mwanangu": unaanzaje kumwambia kwamba huenda ni ndoto yake inayomsumbua? Nikaona heri nifungue boksi.

Makala

Kilichonifungua macho ni baiskeli. Yeyote anayeishi Lubumbashi anawajua wale wanaume wanaoingia mjini alfajiri kwa barabara ya Kasenga, wakisukuma baiskeli zilizobeba magunia ya makala hadi mwendeshaji haonekani. Nilikuwa kwenye foleni nyuma ya mmoja wao. Njia ilipoanza kushuka alipanda, akaachia usukani mkono mmoja kufuta jasho, na baiskeli ikaendelea mbele moja kwa moja. Nikayakumbuka maneno ya ndoo.

Mchana ule nilimwita mzee. Jirani yetu mjenzi alikuwa na simenti. Nikamwomba mifuko minane, kilo 400, tukaipakia nyuma. Kabla ya kupakia nilipima urefu kutoka sakafu hadi ukingo wa karoseri juu ya tairi la nyuma, na baada ya kupakia nikapima tena: umeshuka sentimita 8. Tukachukua njia ya Kipushi, mzee akiendesha, mimi pembeni. Kwenye 60 alitulia. Kwenye 70 akanitazama kwa pembe ya jicho. Kwenye 80 akaachia vidole, viganja vikigusa usukani tu, na gari ikaenda. Haikuwa kamili, bado ilihitaji kuchungwa, lakini ilikuwa gari nyingine. Hakuniambia "nilikwambia". Alisema tu, "Umeona sasa."

Mzigo wa nyuma haubadilishi bushi za mbele. Haubadilishi boksi wala sili. Unachobadilisha ni mwinamo wa gari nzima.

Kwa nini mwinamo unaharibu njia

Simamisha baiskeli, uitazame kwa ubavu. Bomba ambalo usukani unazungukia halikusimama wima; limelala nyuma. Ukiuendeleza mstari wa bomba lile hadi chini, utagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapogusa. Kwa hiyo tairi linaburutwa nyuma ya mstari wake, kama vile gurudumu dogo la toroli linavyojigeuza lenyewe kufuata anayesukuma. Likipinda, njia yenyewe inalirudisha. Mlalo huo wa pivo kwenye gari ndio mafundi wanaouita kasta. Waliosomea Kifaransa wanalijua kwa jina la *chasse*.

Gari za namna hii, zenye ekseli nzima mbele, hutulia vizuri pivo zikilala nyuma nyuzi 5 hadi 7. Tairi la mzee lina kimo cha sentimita 70. Kwa nyuzi 6, mstari wa pivo hugusa ardhi karibu sentimita 4 mbele ya kitovu cha tairi: huo ndio mkono unaolirudisha gurudumu katikati. Pivo ikisimama wima, mkono huo unakufa. Ikilala mbele, mkono unageuka adui, unalivuta gurudumu kwenda upande lilikoanza kupinda.

Sasa fikiria mtu ameshusha pua na kuinua mkia. Ekseli ya mbele imefungwa kwenye springi, springi kwenye fremu. Fremu ikiinama mbele, pivo zinainama nayo. Niliweka pimamaji juu ya fremu: kwa kila mita moja ilishuka sentimita 6, yaani nyuzi tatu na nusu hivi. Nyuzi zote hizo zilitolewa kwenye kasta, bila mtu kugusa kitu chochote mbele.

Tulipima kasta yenyewe kwa njia ya kizamani, na nawasihi vijana waijue kwa siku ambayo umeme umekatika. Gurudumu la mbele unaliweka juu ya bati mbili zilizopakwa grisi katikati, lizunguke bila kukwaruza. Unachora sakafuni nyuzi 20 kila upande. Unaligeuza nje nyuzi 20, unasoma limelala kiasi gani kwa ubao ulionyooka uliokaa kwenye rimu na kipimo cha pembe cha simu juu yake. Unaligeuza ndani nyuzi 20, unasoma tena. Tofauti ya namba hizo mbili, mara moja na nusu, ndiyo kasta. Tofauti yetu ilikuwa 0.7, kwa hiyo kasta nyuzi 1. Lakini upande usiofaa: gurudumu la nje, ambalo kwenye kona lilipaswa kuelemea ndani, lilikuwa likielemea nje. Nyuzi 1 chini ya sifuri. Tukipakia simenti, mkia ukishuka sentimita 8 kwenye gari ambayo kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 2.95, tunapata nyuzi moja na nusu kurudi nyuma; kasta inavuka sifuri na kufika nusu upande wa faida. Ndiyo upole wa makala.

Mazungumzo magumu

Dawa rahisi ni kushusha mkia. Nilimweleza mzee kila kitu kwa baiskeli na kijiti mkononi. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu, zuri: ni fremu inayotakiwa kunyooka, au ni pivo? Nikajibu, pivo. Akasema: "Basi acha mukia wangu."

Alikuwa sahihi, na nilikuwa mjinga kuogopa mazungumzo hayo tangu Septemba. Hakuna sheria inayosema pivo lazima zifuate fremu. Kati ya springi na ekseli unaweza kuingiza kabari ya chuma, ikaizungusha ekseli peke yake. Tulihitaji kutoka 1 chini ya sifuri hadi 5 juu yake, yaani kabari ya nyuzi 6. Sikutaka 7, kwa kuwa gari haina usukani wa mafuta na kila nyuzi unayoongeza inalipwa na mabega ya dereva. Na kasta ikizidi mno magurudumu huanza kutikisika kwenye mwendo mdogo. Kikalio cha springi kina urefu wa sentimita 12, kwa hiyo kabari ilichongwa milimita 3 upande mwembamba na karibu 16 upande mnene, na tundu katikati la kichwa cha boliti ya springi. Chuma, si aluminiamu, maana aluminiamu hupasuka ikigongwa miaka. Na isichomelewe kwenye springi hata kwa nukta moja: joto linaua ugumu wa springi, siku moja inakatika ukiwa kwenye kona. Boliti za U zikabadilishwa kwa ndefu zaidi, mpira wa breki ukapewa nafasi.

Kisha nikaziweka kinyume.

Mazoea ndiyo yaliyoniponza. Kabari nyingi nilizowahi kufunga zilikuwa kwenye Land Cruiser za zamani, FJ40, ambazo ekseli hukaa juu ya springi. Huko upande mnene unakwenda mbele. Kwenye Chevrolet springi ndiyo iliyo juu, ekseli chini yake, na kila kitu kinageuka: upande mnene unakwenda nyuma. Nilifunga, nikakaza, nikapanda mwenyewe kuizungusha uani. Gari yenye kasta ya nyuzi 7 chini ya sifuri haitangitangi. Nilipogeuza usukani robo tu, uliniponyoka ukakimbia wenyewe hadi mwisho, ukanipiga kidole gumba, na ile Chevrolet ya miaka hamsini ya ndoto ikaelekea pipa la maji. Breki ziliiwahi. Mzee aliliangalia pipa, akaliangalia bampa lake, akatazama saa yake. "Chakula kwanza," akasema.

Baada ya chakula tukazigeuza. Kipimo: nyuzi 5 kulia, 5 kasoro kidogo kushoto. Tukapima paralelizimu upya, kwa sababu ukizungusha ekseli mikono ya usukani inazunguka nayo. Tukairudisha milimita 3.

Mzee alizunguka gari mara moja, akaingiza kiganja kati ya tairi la mbele na karoseri, akasema pua imepanda sentimita moja. Kabari zilikuwa zimeinua milimita tisa na nusu. Hakukubali kuondoka hivyo. Tulitoa kibao kimoja chembamba kwenye kila springi ya mbele, akapima tena kwa kiganja kilekile, akaridhika.

Siku iliyofuata, njia ya Kipushi tena, nyuma hakuna mzigo. Kwenye kilomita 80 aliachia usukani kabisa, akahesabu kwa sauti hadi saba, kisha akaushika. Kwenye kona alifungua vidole na usukani ukarudi wenyewe ukipita ndani ya viganja vyake. Alilalamika kuwa mzito wakati wa kuegesha. Wiki iliyofuata alikuja ameshaweka usukani mpana wa lori, uliofungwa kamba ya ngozi kwa mkono, mishono imesimama sawa kama meno ya mtoto.

Fedha za bushi na za boksi nilimrudishia. Alikataa nusu, akisema bushi za shaba nyeusi zitamzika. Simenti ya jirani ilibaki uani siku ile ya jaribio la kwanza, mvua ya Novemba ikanyesha usiku bila sisi kukumbuka turubai, na mifuko yote minane ikawa mawe. Hiyo nililipa mimi. Iko bado pale chini ya mwembe, wateja wanaikalia wakisubiri, na mzee akija huichagua ile ya mwisho, kwa kuwa kutoka pale anaiona gari yake kwa ubavu.